Mama, Ukiwa Katika Inchi ya Wageni, Utapeleka Mutoto Hospitali Gani?



Wengi kati yenu munavuka mupaka wa Kasindi kwenda Uganda. Wengine munafuata uchuruzi, wengine munatembelea ndugu Kasese ao Kampala, wengine mulikimbia vita na mukakaa Nakivale ao Rwamwanja. Homa haiogopi mupaka. Siku moja mama anasimama njiani na mutoto mwenye kuchomeka mwili mugongoni, na anajiuliza: niingie wapi? Kwa serikali ao kwa mutu binafsi? Somo hili ni juu ya ulizo lile.

1. Kuna nyumba tatu za kutunza wagonjwa

Kwetu Kongo tumezoea kulipa fishi karibu kila mahali, hata kwa serikali. Uganda ni namna ingine.

Nyumba ya serikali: Tangu mwaka 2001 mugonjwa halipi kupimwa wala dawa, isipokuwa katika upande wa wenye kulipa ndani ya hospitali kubwa. Wakimbizi nao wanapokelewa. Lakini watu ni wengi, na dawa zinaweza kuisha. Hapo watakuambia ununue inje. Mama wa kuzaa anaombwa mara nyingi kuleta glavu, pamba na plastiki ya kutandika. Kwa hiyo, hata ukienda mahali pasipo malipo, usiende mikono mitupu.

Nyumba ya misioni: Kama vile Kagando kule Kasese, ao Mengo na Nsambya kule Kampala. Unalipa, lakini kazi yao si kutafuta faida. Uliza bei mapema, na kama huna makuta ya kutosha, sema wazi.

Nyumba ya mutu binafsi: Hapa hungoji sana, na wengi wanafungua hata usiku. Kliniki zingine ziko na munganga wa kweli na vyombo vizuri. Zingine ni chumba kimoja, kitanda na chupa za dawa. Mbele ya kukaa, uliza mambo matatu: Ruhusa ya serikali iko wapi? Munapima damu hapa? Jumla ya bei ni ngapi? Ukiambiwa mutoto ana malaria na hajapimwa damu, omba apimwe kwanza.

2. Soma hesabu kwenye kibao

Mbele ya kituo cha serikali cha Uganda utaona mara nyingi hesabu II, III ao IV. Kituo cha II kinatunza magonjwa madogo. Cha III kina chumba cha kuzalisha na mahali pa kupima damu. Cha IV kinapashwa kuwa na chumba cha kupasulia. Juu yake kuna hospitali. Mama aliyepasuliwa katika uzazi wa kwanza asingojee uchungu karibu na kituo cha II. Aende mbele ya siku kufika, akae karibu na hospitali.

3. Ugonjwa ndio unaonyesha mulango

Kikohozi kidogo ao upele, unaweza kuanzia kituo kilicho karibu. Lakini ukiona moja ya alama hizi, nenda mbio hospitali ao kituo cha IV:

- mutoto hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- anashikwa na degedege;
- amelegea, ao haamuki;
- anapumua kwa shida, kifua kinaingia ndani;
- mama mwenye mimba anatoka damu, ana degedege, ao kichwa kinamuuma sana na macho haoni vizuri.

Hapa ndipo watoto wanapotea. Mama anaanzia kwa muuza dawa, kisha kliniki ndogo inayomutundikia serumu siku mbili. Makuta yanaisha, na mutoto anafika hospitali amekwisha kuchelewa. Malaria kali inaweza kuua mutoto mudogo kwa muda mufupi sana. Hospitali ya serikali iliyojaa watu, lakini iko na damu na munganga, inapita kliniki nzuri isiyo na vile vitu.

4. Karte ni ulimi wako

Beba karte ya kilo na chanjo. Chanjo za majuma 6, 10 na 14, na ile ya surua kwa miezi 9, zinatolewa kwetu na Uganda pia. Muuguzi akiona tarehe, ataendelea pale tulipoishia. Mwenye kunywa dawa za kifua kikuu ao za virusi vya UKIMWI aombe kwetu barua ya kuhamishwa mbele ya kusafiri, asikate dawa hata siku moja. Ukirudi, utuletee karatasi zote walizokupa kule.

5. Sema kweli: umetoka wapi

Wamama wengine wanaficha kwamba ni Wakongomani, wanaogopa kufukuzwa. Ni hatari. Mwezi wa 6 mwaka 2019, mutoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo alifikishwa Kagando. Wauguzi wakafikiri upesi kwamba inaweza kuwa Ebola, wakamutuma Bwera mahali palipotayarishwa. Yeye alikufa, lakini kutambua upesi kulisaidia kukinga wengine. Muuguzi asiyejua njia uliyopita hawezi kukinga jamaa yako wala yeye mwenyewe.

Juu ya luga, usiwe na haya. Kule Kasese, msemaji wa Kinande anasikilizana na Wakonzo. Kule Kisoro, Kinyarwanda kinasikika. Kampala, tafuta ndugu wa kutafsiri, na usiondoke mbele ya kurudilia maneno: dawa gani, ngapi, mara ngapi, siku ngapi.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Nyumba tatu za kutunza wagonjwa ni zipi?
2. Taja alama nne za kukimbiza mutoto hospitali.
3. Karte ya mutoto wako iko wapi leo? Ikiwa imepotea, uliza muuguzi mbele ya kurudi nyumbani.

Mungu awalinde njiani, ninyi na watoto wenu.