Dawa ya Kusemesha Watu: Je, Ni Haki?



Amri ya nane yatufundisha kusema kweli. Labda mmoja wenu atauliza: «Ikiwa uongo ni dhambi, mbona mshitakiwa asipewe dawa ya kumsemesha kweli?» Tulitazame neno hili.

Wazee wa kale walijua mwavi. Mshitakiwa alinyweshwa sumu: akitapika, hana kosa, akifa, ndiye mwovu. Lakini sumu haijui nani aliyeiba. Wenye elimu nao walijaribu dawa yao. Mwaka 1922, huko Dallas katika nchi ya Marekani, daktari Robert House aliwapa wafungwa dawa iitwayo skopolamini, akidhani kwamba aliyelewa kwa dawa hiyo hawezi kusema uongo. Baadaye wengine walitumia dawa za usingizi, wakizitia katika mshipa wa damu.

Dawa hizo hufanya nini? Hulegeza akili, hata mtu akawa kama nusu amelala. Husema mengi, lakini huchanganya ndoto na mambo yaliyotendeka, tena hukubali upesi maneno ya yule amwulizaye. Basi, dawa yafungua kinywa. Kuipima kweli haiwezi.

Mwaka 1954, mjini Chicago, kijana wa miaka 19 alishikwa na polisi. Alikuwa akiugua kwa kukosa dawa ya kulevya aliyoizoea. Daktari wa polisi akamdunga sindano yenye skopolamini, naye akakiri kuua mtu. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ikafundisha kwamba neno la kukiri lililotolewa kwa nguvu ya dawa halitoki katika akili na hiari ya mtu, wala halifai kupokelewa mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya India nayo ilikataza kumtia mtu dawa hizo bila ridhaa yake.

Nalo Kanisa lasemaje? Mwaka 866 Papa Nikola I aliwaandikia Wabulgaria kwamba kukiri kosa kutoke kwa hiari, si kwa mapigo. Mwaka 1953 Papa Pio XII, akisema na wanasheria, alikataa mateso ya mwili na ya roho, pamoja na dawa za kusemesha. Sababu zake ni mbili: zavunja haki ya asili ya mtu, hata akiwa na kosa kweli, tena mara nyingi zaleta majibu yasiyo ya kweli.

Kumbukeni Adamu. Mungu alijua alipojificha. Hata hivyo alimwita, akamngoja ajibu mwenyewe.

Maswali

1. Je, mwenye kosa aachwe tu? – Sivyo. Mwamuzi atafute mashahidi na alama za tendo, kisha ahukumu kwa haki.

2. Kwa nini hata mwenye kosa asilazimishwe kwa dawa? – Kwa kuwa angali mtu, mwenye akili na hiari alizopewa na Mungu.

Basi, siku mtakapoketi barazani kumwamua ndugu, ulizeni kwa saburi, wala msimnyang'anye mtu ulimi wake.