Nani Amekula Kuku? Maswali ya Wafugaji wa Kando ya Ziwa

Mvua ikinyesha na nyasi kurefuka, wafugaji wa kando ya Ziwa Victoria huanza kupoteza kuku na wana-mbuzi. Wasomaji kadhaa wametaka kujua namna ya kutega mbweha, mondo na fisi. Daktari wetu wa mifugo anawajibu.

Daktari, nimetazama video za Wamarekani wakitega koyote na bobcat kwa mitego ya chuma. Mimi mbweha wamenimalizia kuku. Nianzie wapi? (Mfugaji, Seme)

Pole sana, ndugu yangu. Wanyama uliowaona hawapo kwetu. Koyote ni jamaa ya mbweha, na bobcat ni paka mwitu mwenye mkia mfupi ambaye huku tungemlinganisha na simbamangu au mondo. Kule majimbo mengi hutoa leseni na kuweka msimu wa kutega, na ngozi ya bobcat haivuki mpaka bila kibali cha mkataba wa kimataifa wa CITES.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haikuilegeza marufuku hiyo kwa mfugaji mwenye hasira. Hata anayetega kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani, adhabu yake ya chini ni faini ya Sh30,000 au kifungo cha miezi 6.

Tuseme sheria ingekuruhusu. Bado ningekushauri uache. Mbweha huishi dume na jike katika eneo wanalolilinda dhidi ya wenzao. Ukiwamaliza hao, eneo linabaki bila mwenyewe na wengine wanahamia. Wamarekani wameua koyote kwa zaidi ya karne moja, na leo koyote wanazaliana ndani ya jiji la Chicago. Kuku wako wanaliwa kwa sababu banda lina upenyo, na upenyo huo utamngoja mbweha atakayefuata.

Nitamjuaje mwizi? Asubuhi nakuta manyoya tu. (Mama mfugaji, Ahero)

Mama, hili ndilo swali ambalo kila mfugaji angepaswa kuanza nalo. Jioni kuku wakishalala, chekecha majivu ya jikoni au mchanga laini wa ziwani, uutandaze mbele ya mlango na kulizunguka banda. Unene wa nusu kidole unatosha. Sawazisha kwa ufagio. Alfajiri uende wewe wa kwanza, kabla watoto hawajakanyaga, na uinamishe tochi karibu na ardhi ili mwanga upite kwa upande. Kivuli kitakuonyesha hata alama ya kucha.

Unyayo wa mviringo wenye vidole vinne, usio na alama ya kucha, ni wa paka, kwa kuwa paka hutembea akiwa amezirudisha kucha ndani. Kama ni mdogo huenda ni paka pori, au paka wa jirani. Ukiwa mkubwa zaidi ya huo, na banda likiwa karibu na majani marefu ya mtoni, mfikirie mondo. Unyayo mrefu kidogo wenye kucha mbele ni wa mbweha au mbwa. Nyegere ana vidole vitano, na kucha zake za mbele huchora ardhi mbali na vidole. Kenge hahitaji maelezo mengi: anaacha mstari wa mkia katikati ya nyayo.

Baada ya nyayo, uangalie mizoga. Kuku aliyeliwa kichwa na shingo huku mwili umebaki ndani mara nyingi ni kazi ya mnyama mdogo aliyeweza kuingia lakini akashindwa kutoka na mzigo, kama kanu au kicheche. Kuku wengi wakiuawa usiku mmoja, ubao umeng'olewa au udongo umechimbwa chini ya ukuta, huyo ni nyegere. Mayai yakipotea mchana, chunguza kenge na nguchiro. Vifaranga wakipotea mchana uwanjani, tazama juu: mwewe.

Na kuna mwizi ambaye watu hawapendi kumtaja. Ukikuta mbuzi watatu au wanne wameraruliwa mapaja na makalio, hakuna aliyeliwa vizuri, hao ni mbwa. Mbwa wa kijijini, pengine wa kwako, wanaofunguliwa usiku na kuzurura kwa makundi. Mbweha amebeba lawama nyingi za mbwa katika nchi hii, na inaniuma kila ninapoona mnyama wa porini akisakwa kwa kosa la mbwa ambaye mwenyewe hakumlisha jioni.

Tazama pia kinachowaita. Matumbo ya samaki yaliyotupwa ufuoni, omena zilizooza, mabaki ya mgongo wazi (mifupa ya samaki aliyetolewa minofu) nyuma ya jikoni: yote hayo ni mwaliko. Mnyama akishazoea kupita hapo kila usiku, banda lako analipata njiani.

Banda langu ni la mbao na wavu wa kuku, na bado wanaingia. Nimekosea wapi? (Kijana mfugaji, Mbita)

Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita ulitengenezwa kumzuia kuku asitoke. Mbwa huupasua, nyegere huurarua, na kanu anaweza kupitisha mkono akamvuta kuku aliyelala karibu. Nunua wavu wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Kama pesa haitoshi kwa banda zima, weka huo kuanzia chini hadi kimo cha kiuno na mahali pote kuku wanapolala.

Kisha chini. Mchimbaji huanza kuchimba pale anapokutana na ukuta. Kwa hiyo laza wavu upana wa sentimita 45 juu ya ardhi kuelekea nje, uufunge kwenye ukuta, uufunike kwa mawe na udongo. Atachimba, atakutana na waya, na hatajua kwamba alitakiwa kurudi nyuma hatua mbili. Njia nyingine ni kuinua banda juu ya nguzo kwa kimo cha mita moja na kuzivisha nguzo mabati. Kwa kuku wasiozidi ishirini, mimi hupendelea hii. Kinyesi kinaanguka chini, magonjwa yanapungua.

Mlango uwe na komeo la chuma. Kamba na kijiti vimewagharimu watu kuku wengi kuliko mnyama yeyote ninayemjua.

Jirani ananiambia nitie dawa kwenye mzoga niuache nje. (Msomaji, Usenge)

Usithubutu. Sumu haichagui. Itamuua mbwa wako, tai, korongo, na mtoto atakayeokota nyama. Ukanda wetu unalijua jambo hili kwa uchungu: huko Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga, mtafiti wa ndege Martin Odino aliandika habari za watu waliotia Furadan ndani ya konokono ili kuua korongo na kuwauza kama kitoweo. Watu walikula ndege waliokufa kwa sumu ya wadudu. Kampuni ya FMC ya Marekani iliyotengeneza dawa hiyo ilianza kuiondoa madukani Kenya mwaka 2009, lakini sumu za aina hiyo bado zinapatikana kwa anayezitafuta. Mshike jirani mkono, mzungumze.

Mondo ana faida gani, hata tumlinde? (Mkulima wa mpunga, Ahero)

Anakula panya, usiku kucha, kwenye majani yale yale yanayozunguka mpunga wako. Kuku ni bahati kwake. Panya ndio chakula chake. Na hao panya, kwa taarifa yako, unaruhusiwa kuwatega utakavyo.

Nimekuta mbweha amenaswa shingoni na tanzi la waya wa breki ya pikipiki, bado hai. Nifanye nini? (Mvuvi, Homa Bay)

Usimguse. Mnyama aliyenaswa anauma, na mbweha ni mmoja wa wanaoweza kubeba kichaa cha mbwa. Waondoe watoto na mbwa, kaa mbali ili atulie, mpigie simu chifu au afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wa karibu. Kwako Homa Bay, maafisa wa Hifadhi ya Kitaifa ya Ruma wanayafahamu matanzi vizuri mno, kwa sababu hifadhi hiyo ndiyo makao ya mwisho ya asili ya korongo nchini Kenya, si ndege bali yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, na tanzi lililotegewa digidigi humnasa yeye vilevile.

Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usingoje dalili; zikishaanza, hakuna tiba. Mbweha anayeingia bomani mchana kweupe bila woga mchukulie kuwa mgonjwa.

Fisi wameua mbuzi wangu sita. Hapo pia nisitege? (Mzee, Nyakach)

Mzee wangu, hapo mtego unaweza kuhitajika, lakini mtegaji ni KWS. Wao hutumia sanduku la chuma lenye mlango unaoanguka mnyama akikanyaga bamba lililo mbele ya chambo, na wanaye daktari wa kumpiga sindano ya usingizi. Kituo chao cha Kisumu kiko Impala Sanctuary, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo pia imehifadhi wanyama waliokamatwa sehemu nyingine.

Wakati unawangoja, paa la zizi liwe zima na ukuta uwe mzito. Ua wa mnyaa waliotuachia wazee bado ni mzuri, mradi mianya ya chini izibwe kwa miiba. Ongeza taa. Kijana Richard Turere wa Kitengela alijulikana duniani mwaka 2013 kwa taa zake za kuwaka na kuzima kuzunguka zizi la baba yake, alizoziunda kwa betri kuukuu ya gari na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Zake zilikuwa za simba. Kwa fisi zihamishe mahali kila baada ya siku chache, maana fisi hujifunza haraka.

Kuhusu fidia: fisi, chui na mamba wamo kwenye orodha ya sheria ya 2013. Mbweha, mondo na nyegere hawamo, hivyo kuku hawalipwi. Dai lako hupitia kamati ya wanyamapori ya kaunti, na huweza kuchukua muda mrefu. Kamati ina haki ya kulikataa kama hukuchukua hatua ya kulinda mifugo, kwa hiyo piga picha za zizi pamoja na mizoga. Nyama msile. Funikeni mizoga kwa turubai, wekeni mawe pembeni ili mbwa wasiifikie, na msiizike mpaka afisa aje aone alama za meno na kujaza fomu.