Kabla hujaandika "amelewa"

Likizo ya mwaka wa tatu, mwezi wa Desemba, nilikuwa nyumbani Ruponda, wilaya ya Nachingwea. Kwa asiyejua kwetu, huo ni msimu wa korosho, na penye korosho pana mabibo (nasema tunda, sio hosteli), na mabibo yakikamuliwa na kuachwa yachachuke unapata uraka. Kwa hiyo mtu akikutwa amelala chini ya mkorosho asubuhi, hakuna anayeshtuka.

Mjomba wangu alikutwa hivyo. Maneno yanagongana, macho mazito, amejikojolea. Majirani wakasema amelewa, aachwe alale. Na mimi, daktari mtarajiwa niliyeshapita wodi ya tiba na kufaulu bila supu, nilimsogelea, nikasikia harufu ya uraka, nikakubaliana nao. Tukamlaza barazani.

Saa kumi jioni bibi ndiye aliyeniuliza, "Mjukuu wangu, huyu mlevi gani, wiki nzima anamaliza mtungi wa maji na kukojoa usiku kucha?" Hapo nikasisimka mwili. Tulikodi bodaboda mbili, moja ikambeba yeye kapakatwa katikati. Kituoni mashine ya sukari haikutoa namba, iliandika tu kwamba imezidi kiwango inachoweza kusoma. Hospitalini usiku majibu yakaja: sodiamu 146, sukari 44, urea 18, zote kwa milimoli kwa lita.

Daktari wa zamu akaniuliza, "Osmolaliti yake ngapi?" Nikamjibu, shikamoo kwanza, halafu mashine hiyo hapa sijaiona. Akacheka. "Marahaba. Kichwa si unacho? Jumlisha."

Osmolaliti ni idadi ya chembe zilizoyeyuka katika kilo moja ya maji. Haijali ukubwa wa chembe wala jina lake, inahesabu vichwa tu. Katika damu vichwa vingi ni sodiamu na wenzake wa chaji hasi wanaotembea nao, ndiyo maana sodiamu unaizidisha kwa 2, kisha unaongeza sukari na urea. Kwa mjomba: 292, ongeza 44, ongeza 18, unapata 354. Mtu mzima wa kawaida yuko kati ya 275 na 295. Urea hupita kirahisi kwenye kuta za seli na haivuti maji, kwa hiyo ukitaka nguvu halisi inayokausha ubongo unaitoa: inabaki 336. Ukivuka 320 kwa sukari kubwa namna hiyo, kuchanganyikiwa kwake kumepata maelezo. Uraka alikuwa amekunywa kweli, ila haukuwa ndio ugonjwa.

Na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua kasi ya matibabu. Ubongo uliokauka taratibu kwa wiki nzima ukiumwagia maji kwa pupa unavimba. Alipewa dripu ya chumvi kwanza, insulini ndogo baadaye, na kila majibu yalipotoka daktari alijumlisha upya, akitaka namba ishuke kati ya 3 na 8 kwa saa, isizidi hapo. Siku ya tatu mjomba aliniita kwa jina langu.

Sasa, kama unaweza kujumlisha, mashine ya nini? Swali hili lilinisumbua hadi niliporudi chuo, na jibu nililipata kwa kukumbuka mizani ya chama cha msingi. Mkulima anasema gunia lake ni korosho tupu, kilo kadhaa. Linapandishwa kwenye mizani, linazidi. Karani hahitaji kufungua gunia ndipo ajue kuna mchanga au mawe. Hesabu yetu ya sodiamu, sukari na urea ni maneno ya mkulima. Osmomita ni mizani. Tofauti ya kawaida haizidi 10 hivi. Ikizidi sana, kuna kitu ndani ya damu ambacho hukukihesabu.

Mashine yenyewe inafanya jambo ambalo kila anayeuza barafu za ubuyu analijua: barafu yenye sukari nyingi inachelewa kuganda kuliko ya maji matupu. Osmoli moja katika kilo ya maji inashusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86. Damu yenye 290 inaganda kwenye nyuzi 0.54 hivi chini ya sifuri. Mashine inapoza tone, inasoma joto la kuganda, inakupa namba. Ipo aina nyingine inayopima mvuke, lakini hiyo usiitumie ukitafuta pombe, kwa sababu pombe inaruka na mvuke na mashine haiioni sawasawa.

Kwa nini nasisitiza pombe? Mei 2014 huko Kenya, katika kaunti kama Embu, Kitui na Makueni, makumi ya watu walikufa ndani ya siku chache kwa pombe yenye methanoli, na wengine waliopona walibaki vipofu. Uganda nayo ilipata msiba wa aina hiyo mwaka 2010. Mwathirika wa methanoli akiletwa mapema anafanana kabisa na mlevi wa kila siku. Haoni ukungu bado, hahemi kwa nguvu bado. Ila mizani inasema gunia limezidi. Ethanoli nayo inaongeza uzito, kwa hiyo inabidi uipime na kuitoa: kila miligramu 46 kwa desilita ni 10 ya osmolaliti. Ikibaki ziada kubwa, mshuku methanoli, anza kuizuia isigeuzwe sumu, tafuta usafishaji damu.

Kuna mtego, na kwenye mtihani wa mdomo wengi wanaanguka hapa. Methanoli inavyogeuzwa kuwa asidi ya fomiki, pengo la osmolaliti linapungua huku asidi ya damu ikipanda. Mgonjwa aliyechelewa siku moja na nusu anaweza kuwa na pengo la kawaida na ndiye anayepofuka. Pengo dogo halimtoi mtu hatiani. Andika saa ya kinywaji cha mwisho, na saa damu ilipotolewa.

Mkojo nao watu wanausahau. Figo linaweza kuuzimua hadi 50 au kuukoleza hadi 1200, kwa hiyo unakuambia figo linafikiri nini. Chukua mtu mwenye degedege, sodiamu 118, osmolaliti ya damu imeshuka. Mkojo ukiwa zaidi ya 100, figo linang'ang'ania maji, tafuta homoni inayolilazimisha: kutapika, nimonia, dawa fulani. Ukiwa chini ya 100, figo linatoa maji kadiri linavyoweza ila limezidiwa.

Hilo la pili linahusu kwetu moja kwa moja. Mlaji wa kawaida hutoa kama osmoli 600 za taka kwa siku, ndogo ndogo za elfu moja. Kwa mkojo wa 50 anaweza kutoa lita 12. Anayekunywa uraka siku tano bila ugali wala mboga ana 200 tu za kutoa, sawa na lita 4. Akinywa zaidi, maji yanabaki na sodiamu inashuka. Na huyu ukimpa chakula na dripu ya chumvi figo linapata mzigo wa kubebea maji, anakojoa ndoo, sodiamu inaruka. Ikipanda zaidi ya 8 kwa siku, unahatarisha shina la ubongo.

Vituo vingi havina osmomita, najua. Kijiti cha mkojo kina kisanduku cha uzito, kinakupa makadirio: 1.005 ni mkojo mwepesi, 1.030 ni mzito, ingawa protini nyingi huchafua hesabu. Kinga mkojo kabla dripu haijaanza. Baada ya lita mbili za chumvi huwezi tena kujua figo lilikuwa linafanya nini alipofika.