Usingizi na Bando la Usiku

Huku Myamba, kwenye milima ya Upare wilayani Same, anayelima tangawizi haamki saa anayotaka yeye. Sehemu nyingi za Upare maji ya shamba hukusanywa usiku kwenye ndiva, yaani bwawa dogo, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Aliyelala saa 8 usiku atafika mferejini maji yameshakwenda kwa jirani. Saa ya kuamka haisogei, kwa hiyo kila dakika ya video kwenye simu inakatwa kwenye usingizi.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi, kijana wa sekondari saa 8 hadi 10, mtoto wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Mwanafunzi wa sekondari anayeamka saa 11 alfajiri apande mlima kwenda shule anatakiwa awe amelala saa 3 usiku. Wakati huo mwenzake anasubiri usiku wa manane ili bando la bei rahisi lifunguke!

Wengi hulaumu mwanga wa simu, na kweli una makosa yake. Giza likiingia ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, na mwanga wa buluu huizuia. Utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watu 12 waliosoma kwenye kioo chenye mwanga kwa muda wa saa 4 kila jioni kwa siku 5. Melatonini ilishuka kwa zaidi ya nusu, lakini walichelewa kusinzia kwa dakika 10 tu hivi kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Kwa hiyo kukigeuza kioo kiwe cha manjano, kisha ukatazama hadi saa 7 usiku, ni kujidanganya. Mwizi mkubwa ni kinachotazamwa: video inayoita nyingine, ubishi wa Simba na Yanga kwenye kundi, ujumbe wa mtu anayedai hela yake.

Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti mwingine uliowahusisha Wahadzabe wetu, waliokuwa wakiishi bila umeme. Nao hawakulala jua lilipozama. Walikaa kwa muda wa saa 3 hivi baada ya hapo. Kuongea usiku kando ya moto si dhambi. Ila kuni huisha, video haziishi.

Utasema simu ndiyo saa yako, tochi yako na benki yako, na mwanao aliye Dar es Salaam anaweza kupiga usiku. Sawa, ilale chumbani, lakini juu ya kabati, mahali ambapo lazima uinuke kuifikia. Saa moja kabla ya kulala zima data, acha mlio wa kupigiwa. Mwanao akipiga utasikia, na kengele ya alfajiri itakulazimisha usimame. Ukitaka kitu cha kusikiliza, redio inatosha. Usiichaji simu chini ya mto, kwani hupata joto na betri mbovu huweza kushika moto. Simu za watoto zilale kwa wazazi, na mzazi aanze yeye, la sivyo watamcheka.

Dereva wa bodaboda aliyekesha asipakie abiria kwenye kona zetu hizi, asije akasinzia.

Na kama simu iko mbali lakini wiki kadhaa zimepita hulali, au unakoroma hadi pumzi inakatika, nenda zahanati. Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kubahatisha.