Taa ya injini imewaka: usinunue kifaa kabla hujaelewa namba

Wiki hii naacha mbegu na viuatilifu kidogo, maana nimeona mzigo wa nyanya ukilala Kitonga kwa sababu ya taa moja ya njano kwenye dashibodi.

Kijana mmoja ninayemhudumia analima Ruaha Mbuyuni na kuuza Iringa mjini. Pikapu yake ya petroli ikishapakiwa matenga na kuanza kupanda mlima, inakosa nguvu na kushtukashtuka. Fundi akachomeka mashine, ikatoka namba P0171. Akamwambia sensa ya oksijeni imekufa. Ikanunuliwa mpya, taa ikafutwa, safari iliyofuata ikawaka tena. Hela imeenda, nyanya zimelainika njiani.

Sasa sikiliza. P0171 haisemi sensa ya oksijeni ni mbovu. Inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Hiyo sensa ndiyo iliyotoa taarifa tu. Ni kama majani ya nyanya yakiwa njano: wengi mnakimbilia urea, lakini mimi nitakuuliza kwanza, njano imeanzia majani ya chini yaliyozeeka au machanga ya juu? Ya chini naanza kufikiria naitrojeni, ya juu nafikiria madini ya chuma. Kwenye injini swali ni hilo hilo: tatizo linajitokeza gari likiwa katika hali gani?

Hapo unahitaji mashine inayoonyesha vipimo injini ikiwa inafanya kazi, siyo ya kusoma namba ya hitilafu tu. Vile vidogo vya bluetooth vinavyotumia simu vinatosha, ila kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa, kwani baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki navyo. Tundu lake lina pini 16, liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Andika namba, na usifute kitu kwanza. Kompyuta imetunza pia joto, mwendo na mzigo wa injini pale taa ilipowaka. Ukifuta, kumbukumbu hiyo imepotea.

Kisha tafuta asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani. Karibu na 0 hakuna shida. Yetu ilikuwa 6 injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ikapanda mpaka 24 kwenye mizunguko 2500. Ingekuwa kinyume, kubwa injini ikitulia na kushuka ukikanyaga, ningetafuta mpira wa hewa uliopasuka. Ikipanda ukikanyaga, washukiwa ni mafuta yasiyofika vizuri (chujio limeziba, pampu imechoka) au sensa ya hewa iliyochafuka, inayopima hewa pungufu kuliko inayoingia.

Tukaanza na cha bei ndogo. Chujio la hewa lilikuwa limepulizwa na kompresa mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. (Hii ya kompresa nimeipigia kelele hata kwenye matrekta, hamsikii.) Vumbi la njia ya shambani likaishia kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa. Tulizima injini, tukaisafisha kwa dawa maalumu ya kupuliza. Usitumie kitambaa wala brashi, waya utakatika. Ilipokauka tukaweka chujio jipya, kipimo kikarudi 5. Kisingeshuka, tungepima presha ya mafuta, na yale madumu mnayowekea petroli shambani yangekuwa na maswali ya kujibu.

Tukafuta namba, tukapakia matenga 20, tukapanda Kitonga. Taa haijawaka. Sensa ya zamani ya oksijeni iko kwenye boksi, nzima.

Jambo moja la haraka: taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, injini inamisi, na petroli isiyoungua inaweza kuharibu kifaa cha kusafishia moshi kwenye egzosi. Hapo simama sehemu salama, zima injini, tafuta gari lingine la kumalizia mzigo.