Chemshabongo ya Maneno na Kumbukumbu

Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, hufahamika kwa utafiti wa malaria. Hivyo chemshabongo ya kwanza yaweza kuanzia kwenye CHANDARUA. Neno hilo lenye herufi 9 huandikwa kwa mlalo. Herufi yake ya 8, U, huwa mwisho wa neno la wima: MBU, kwa dokezo “Hueneza malaria”. Mgonjwa hutunga, mhudumu hufumbua.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, kwa watu 107 wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, ulionesha kuwa chemshabongo iliwasaidia kuliko michezo ya kompyuta. Hata hivyo, chemshabongo si tiba: anayeanza kupotea katika njia aliyoizoea apelekwe kituo cha afya mapema.