Kompyuta Inapochelewa Kufungua Baruapepe: Kinga ya Virusi Isizimwe, Ipangwe Vizuri

Shughuli nyingi za wakazi wa kata zetu sasa hupita katika kompyuta. Kikundi cha wachakataji wa dagaa huandaa maombi ya mkopo, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) hutunza taarifa za mwalo, na mzabuni mdogo hufuatilia zabuni za umma kupitia mfumo wa NeST. Wote hutegemea baruapepe kupokea taarifa na kuhifadhi ushahidi wa makubaliano.

Lalamiko la kawaida ni kwamba programu ya baruapepe iliyowekwa katika kompyuta ya mezani, kama vile Outlook au Thunderbird, hufunguka polepole, huganda barua mpya inapoingia, au hushindwa kutuma kiambatisho kikubwa. Mara nyingi mtumiaji akishagundua kwamba kinachochelewesha ni programu ya kuzuia virusi, huizima kabisa. Uamuzi huo huondoa uchelewaji na kuacha mlango wazi. Somo hili linaeleza chanzo cha tatizo, namna ya kulithibitisha na namna ya kulirekebisha bila kupoteza ulinzi.

Kwa nini kinga inahitajika

Baruapepe ni njia ya zamani ya kusambaza virusi. Mwezi Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa, na mwezi Mei 2000 kingine kilichoitwa ILOVEYOU kilichoanzia Ufilipino, vilienea duniani kwa kujituma vyenyewe kwa watu walioorodheshwa katika kitabu cha anwani cha Outlook. Mpokeaji aliona barua imetoka kwa mtu anayemfahamu, akafungua kiambatisho. Mbinu hiyo bado inatumika hadi leo. Nyumbani na ofisini kuna mlango wa pili, nao ni flashi inayozunguka kati ya steshenari na kompyuta ya kikundi.

Uchelewaji unatoka wapi

Sababu ya kwanza ni jinsi barua zinavyohifadhiwa. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Thunderbird huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja. Outlook nayo huweka barua, kalenda na anwani katika faili moja kubwa ambalo jina lake huishia kwa pst au ost. Kila barua mpya inapoingia, faili hubadilika, na baadhi ya programu za kinga hulichukulia kuwa jipya na kulisoma tena. Tuseme faili lina gigabaiti 2, na diski ya kuzunguka ya kompyuta ya zamani husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Kulisoma lote ni kama sekunde 20, diski ikiwa haina kazi nyingine. Barua kumi zikiingia kwa kufuatana, mtumiaji ataona kioo kimeganda.

Sababu ya pili ni ukaguzi wa njiani. Baadhi ya kinga husimama kati ya programu ya baruapepe na seva, zikishika kila barua na kuichunguza kabla ya kuipitisha. Kiambatisho nacho hukua kinapotumwa kwa baruapepe: picha za megabaiti 9 huwa takriban megabaiti 12. Mtandao ukiwa dhaifu, seva inaweza kuchoka kusubiri na kukata mawasiliano.

Sababu ya tatu ni kuwa na kinga mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila moja huchunguza kile ambacho nyingine inakifungua.

Hasara kubwa kuliko kuchelewa

Endapo kinga itagundua kirusi katika barua moja iliyomo ndani ya faili kubwa, inaweza kulifungia au kulifuta faili lote. Kwa njia hiyo, barua moja mbaya huondoka na barua za miaka kadhaa: mikataba, stakabadhi na majibu ya ofisi. Anayetumia njia ya IMAP huwa na nafuu, kwa kuwa nakala hubaki katika seva. Anayetumia POP anaweza kuwa na nakala moja tu, iliyo katika kompyuta yake.

Hatua za kuchukua

1. Thibitisha chanzo. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili uone orodha ya programu zinazofanya kazi. Fungua baruapepe na utazame ni programu ipi inayotumia diski na prosesa kwa wingi. Ikiwa ni ya kinga, endelea na hatua zifuatazo.

2. Nakili barua zako. Funga programu ya baruapepe, kisha nakili folda yake katika diski ya nje. Usiruke hatua hii.

3. Bakiza kinga moja. Windows 10 na 11 zina kinga yake yenyewe. Ukiweka nyingine, hakikisha ni moja tu inayofanya ukaguzi wa papo kwa papo.

4. Weka kighairi. Katika mipangilio ya kinga, elekeza kwamba folda inayohifadhi barua isichunguzwe kama faili la kawaida. Kiambatisho kitaendelea kuchunguzwa, kwani unapokifungua au kukihifadhi, huandikwa mahali pengine katika diski, na hapo kinga hukikagua. Kighairi kihusu folda hiyo pekee. Kamwe usiighairi diski nzima wala folda ya faili zilizopakuliwa.

5. Kwa Thunderbird, fungua mipangilio ya faragha na usalama, kisha ruhusu kinga kutenga barua moja moja zinazoingia. Kila barua itachunguzwa peke yake kabla ya kuunganishwa na nyingine.

6. Punguza mzigo. Hamishia barua za miaka iliyopita katika folda nyingine. Katika Thunderbird, barua iliyofutwa huendelea kuchukua nafasi hadi folda ibanwe, hivyo tumia amri ya kubana folda mara kwa mara.

7. Panga ukaguzi wa kompyuta nzima ufanyike wakati wa chakula cha mchana au baada ya kazi.

Jambo la kuzingatia

Kompyuta ya kikundi hubeba majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Aidha, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopata masasisho ya usalama inaihitaji kinga yake zaidi kuliko awali.

Wananchi wanashauriwa kufanya marekebisho haya siku ambayo hakuna zabuni wala maombi yanayofikia ukomo. Anayeomba msaada kwa fundi amweleze mapema kwamba hataki kinga iondolewe, na kabla ya kumkabidhi kompyuta ahakikishe kwamba nakala ya barua iko mikononi mwake.